Kituo Ambacho Solvej Ravnkilde Alininyima

Mheshimiwa Meya wa Hesselrup, waheshimiwa madiwani, mlioko madarakani na mliokwisha kuangushwa na wapiga kura, ndugu maofisa wa idara ya mipango miji, ndugu madereva wa tramu mliokuja na sare zenu, wageni waalikwa, majirani zangu wa Lyngmark, na wewe Solvej, mwenye sherehe hii ya kustaafu, ambaye nakuona umesogeza kiti nyuma ya chombo cha maua ili tusikuone: habari za mchana.

Naitwa Anker Mølgaard, mkulima wa viazi na shayiri, sasa mstaafu. Najua wengi wenu mnajiuliza, na mna haki ya kujiuliza: katika mji wenye maelfu ya watu walionufaika na kazi ya mama huyu, watu waliopata nyumba, shule karibu na mlango na usafiri wa kwenda kazini, imekuwaje kamati ya maandalizi ikamsimamisha mzee mmoja ambaye kwake hakupata kitu? Nami nilijiuliza vivyo hivyo. Nilipoletewa mwaliko nilimpigia simu yeye mwenyewe.

"Solvej," nikamwambia, "wamekosea jina."

"Hawajakosea. Mimi ndiye niliyekutaja."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wengine wote watanisifu."

Basi sikuja kumsifu. Nikiteleza nikamsifu, mnisamehe, ni uzee.

Kwa vijana mliozaliwa mkaukuta mji huu umekaa kama ulivyo, niruhusuni niwarudishe nyuma kidogo. Hesselrup ya wakati ule ilikuwa ikikua kama magugu. Palipopatikana kiwanja palijengwa nyumba. Nyumba zikishajaa watu ndipo wakaanza kupiga kelele waletewe barabara. Barabara ikija inajaa magari. Ikijaa wanaomba nyingine pana zaidi. Na kando ya hiyo pana zaidi viwanja vingine vinauzwa. Mke alihitaji gari kumpeleka mtoto chekechea, mume alihitaji lake kwenda kazini, na bibi aliyebaki nyumbani bila gari alikuwa mfungwa anayemwagilia maua. Je, kuna mtu aliyepanga mji uwe hivyo? Hakuna. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye, nilipoanza kushangaa: kwamba jambo kubwa kiasi hicho lilikuwa linatokea bila mtu yeyote kulitaka.

Ndipo akaajiriwa Solvej Ravnkilde awe mpanga miji wetu, mwanamke mwembamba kutoka pwani ya magharibi, kule kwenye upepo ambako watu hawapotezi maneno kwa sababu upepo utayachukua tu. Jumamosi moja alituita kwenye ukumbi wa michezo, akabandika ramani ukutani, na juu ya ramani palikuwa na mstari mmoja mwekundu. Ulianzia kwenye stesheni ya zamani, ukavuka mto, ukapita hospitali, kisha ukaingia mashambani ambako hapakuwa na kitu ila shayiri na sungura. Na huko kwenye shayiri ulikuwa na vidoti. Kila kidoti, alisema, ni kituo cha tramu, ile treni ndogo ya mitaani.

"Kwanza reli," akasema, "kisha nyumba. Tramu itakaposimama, hapo tutajenga. Isiposimama, hatujengi."

Jirani yangu Egon Stenderup alisimama. Mnamjua Egon, yule pale, mwenye tai ya njano. Akasema, "Bibi mpanga miji, hao abiria watakuwa nani? Ng'ombe wangu?"

"Mwanzoni, ndiyo," akajibu. "Wakilipa nauli."

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuisogelea ramani na kuona nilichokiona. Ule mstari ulitoka hospitali ukaja moja kwa moja kuelekea shambani kwangu, na ulipokaribia, kama mtu aliyeona nyoka njiani, ukakunja kona ukaenda kwa Egon. Kwa Egon! Shamba ambalo baba yake mwenyewe alikuwa akisema huzaa mazao mawili, mawe na manung'uniko.

Hapa inanipasa niwaeleze nilikuwa katika hali gani. Nyonga yangu ya kulia ilikuwa imeanza kuharibika. Binti yetu wa pekee, Dagny, alikuwa mji wa Aarhus akifanya kazi kwenye ofisi ya bima, wala hakuwa na haja ya kusikia habari za viazi. Mke wangu Inger-Lise alikuwa amekwisha kuichagua, kichwani mwake, fleti yenye veranda inayotazama ghuba. Alikuwa amefika hata kwenye rangi ya mapazia. Na kila mtu ukumbini alijua kwamba shamba lililo karibu na kituo huuzwa kwa bei kubwa, likaacha kuwa shamba, likawa mji, na mwenye shamba akapumzika. Kituo kile ndicho kilikuwa pumziko letu. Kwa hiyo nikauliza, "Kwa nini reli inakunja kona pale?"

"Wewe ni nani?"

"Ni mwenye shamba inalolikimbia."

Akanitazama. "Basi Jumatatu nitakuja kukujibu nikiwa nimesimama juu yake."

Nilidhani ni maneno ya ofisini. Jumatatu alikuja kweli, kwa baiskeli, mvua inanyesha, koleo limefungwa nyuma ya kiti. Akaomba ruhusa ya kuchimba. Alichimba mpaka shimo likamfika magotini, udongo bado mweusi, akachota kiganjani, akaunusa. Nikajisemea, ofisa gani huyu anayenusa udongo? Inger-Lise akatuita ndani, maana mgeni ni mgeni, akatuwekea mkate mweusi, samaki wa siki na jibini.

"Jibu ndilo lile shimo," Solvej akasema, kucha zake bado nyeusi. "Udongo wako ni mzuri mno kufunikwa na lami. Wa Egon ni mawe. Maji hufuata mkondo na watu hufuata reli. Reli ikipita kwake, mji utakwenda kwake. Isipopita kwako, mji utakuacha."

"Kwa hiyo naadhibiwa kwa sababu babu zangu walitia mbolea?"

Alitafuna, akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Ukitaka kuiita adhabu sitakubishia."

Inger-Lise alikuwa amesimama karibu na jiko. "Na nyonga ya mume wangu je? Imo kwenye ramani yako?"

"Haimo. Ramani haioni nyonga. Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja kuibadilisha?"

"Hapana. Nimekuja ili niijue."

Mke wangu aliondoa sahani ya jibini mezani kabla ya mgeni kuifikia. Katika nyumba yetu hiyo ilikuwa tangazo la vita.

Waheshimiwa, vita vyenyewe vilikuja baada ya muda mfupi. Kampuni moja, ambayo sitaitaja na ambayo siku hizi haipo, ilileta pendekezo: itajenga kwa gharama yake kituo cha ziada shambani kwangu, na pembeni yake jengo la maduka lenye maegesho makubwa ya magari. Mji haungetoa hata senti. Nani anakataa cha bure? Madiwani walianza kuyumba, na mimi nilianza kulala vizuri. Baraza lilipokutana nilikaa mstari wa mbele na Inger-Lise, amevaa mkufu wa mama yake.

Solvej aliposimama hakuwa na ramani safari hii. "Hamnunui kituo," aliwaambia. "Mnanunua mji mwingine. Watu watafika pale kwa magari, kwa sababu maegesho yatakuwa makubwa kuliko uwanja wa kanisa. Maduka ya katikati yatafungwa moja baada ya jingine. Na tramu itapita katikati ya magari ikiwa tupu, mwishowe mtaulizana iliwekwa ya nini."

Diwani mmoja akamwuliza, "Na sisi tukikubali hata hivyo?"

"Mtatafuta mtu mwingine wa kuuchora mji huo. Mimi siwezi kuchora nisichokiamini."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo mtu huagizia kahawa. Wakapiga kura, nasi tukashindwa kwa kura chache. Egon aliuza mawe yake, akahamia Uhispania kwenye jua. Mimi na Inger-Lise tulirudi nyumbani. Hakulia. Alivaa mabuti, akaingia ghalani kuchambua viazi, akavichambua kwa hasira hata vizima akavitupa.

Sasa, ndugu zangu, msinielewe vibaya: mimi si mtu wa kusamehe haraka. Reli ilipomalizika tramu ilianza kupita, nami nilikuwa naiona kutoka dirisha la jikoni, taa zinawaka, ndani hakuna mtu. Gazeti la hapa liliiita tramu ya sungura. Nilifurahi, nakiri, ila furaha yenyewe ilikuwa na mwiba, maana kila ilipopita niliachwa na swali. Kitu kama kile kinangoja nini? Mtu mwenye akili zake anapelekaje chuma na umeme mahali pasipo na mtu, na anajuaje kwamba watu watakuja? Kila hasira ina mahali inapoishia. Yangu iliishia kwenye kutaka kujua. Siku moja ya Februari nilivaa koti, nikachukua fimbo yangu, nikachechemea mpaka kituo cha kwa Egon, nikapanda.

Ndani mlikuwa na abiria mmoja. Solvej. Amejikunyata kwenye kiti cha nyuma na chupa ya kahawa.

"Ng'ombe hawajaja?" nikamwuliza.

"Nauli imewashinda," akasema, akasogea nikae.

Tukanywa kahawa ile kwa kifuniko kimoja, mashamba yakipita dirishani. Nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa sijamwuliza mtu: "Unaogopa?"

"Kila siku. Nyumba zisipokuja, nitakuwa nimewajengea sungura."

"Si ungengoja watu wahamie kwanza? Wakishakuwepo ndipo ulete reli."

Alitikisa kichwa. "Mtu akihamia pasipo na tramu, wiki ya kwanza ananunua gari la pili. Akishalinunua, hata tramu ije ya dhahabu, hashuki garini. Lazima aikute. Siku anapofungua mlango mara ya kwanza, aikute imesimama pale inamngoja."

Tukafika daraja la mto. Halafu nikamwambia kwamba sisi wakulima, kwenye ardhi yenye maji, tunafukia mabomba ya kutolea maji kabla ya kupanda, kwa sababu hakuna mwenye akili anayechimba mtaro katikati ya ngano iliyoota. Alinigeukia kama mtu aliyeitwa jina lake. "Rudia hilo," akasema. Nikarudia. Akaniuliza mabomba yanafukiwa kina gani, yanaelekezwaje, na nani anaamua maji yaende wapi pakiwa na majirani wawili. Tulifika mwisho wa reli, tukarudi nayo, yeye bado anauliza. Nilishuka nikiwa nimesahau kwamba huyu ni adui yangu.

Tangu siku hiyo nikawa napanda mara kwa mara, bila safari, kutazama tu. Mnajua nini kilichoota kwanza kwenye mawe ya Egon? Nilidhani benki, au kituo cha polisi. Ulikuwa mkate. Mwoka mikate mmoja alifungua duka kwenye matope, nyumba za jirani bado ni mifupa ya zege. Nikamwuliza kwa nini hapa, hakuna hata wateja. Akaniambia, "Basi linaweza kubadilishiwa njia wiki ijayo. Reli haing'oleki. Chuma kikishafukiwa ardhini, mji umetoa ahadi." Baada yake akaja daktari wa meno, akaja muuza maua, ikaja chekechea. Karibu na kituo nyumba zilipanda ghorofa juu ya ghorofa, na kadiri unavyotembea zinapungua urefu, mpaka unafika mahali ambapo mtu mwenye mtoto mkono mmoja na mfuko wa maziwa mkono wa pili anachoka. Hapo ndipo nyumba zinapoishia. Hapo ndipo shayiri yangu inapoanzia. Nilisimama kwenye mpaka huo siku moja, mguu mmoja mjini na mmoja shambani, nikatazama huku na huku, na sikuweza kujizuia kustaajabu.

Na Egon? Egon alichoka na jua. Alirudi, akapanga fleti juu ya duka la mikate, na mpaka leo tunabishana kama choo chake kiko palipokuwa na zizi la nguruwe au palipokuwa na kisima.

"Ni zizi," nasema mimi. "Harufu inathibitisha."

"Jirani," anajibu, "angalau mimi nina choo cha ghorofani."

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba kila kitu kiliishia kwa vicheko. Mke wangu alipatwa na kiharusi. Alilazwa hospitali ile inayopitiwa na reli, na mimi wakati huo nilikuwa siwezi tena kuendesha gari. Kila asubuhi nilitoka nyumbani kwa fimbo, nikakata njia ya matope mpaka kituoni, nikifika nimelowa jasho kwenye baridi. Kile kituo nilichonyimwa kingekuwa mbele ya lango langu. Jioni moja nilimpigia simu Solvej, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya mchungaji. Nilimalizia hivi: "Mstari wako ni mzuri kwa kila mtu isipokuwa mimi."

Hakujitetea. Alisema, "Kesho unatoka saa ngapi?"

Asubuhi alikuwa langoni. Hakuleta gari. Alitembea nami, hatua kwa hatua, kwa mwendo wangu, ameshika fungu la vijiti. Kila niliposimama kupumua alichomeka kijiti ardhini. Nikamwuliza anafanya nini. "Najifunza nyonga," akasema. Kabla ya majira ya kuchipua mji ulitengeneza njia ya changarawe kutoka kituoni mpaka langoni kwangu, yenye taa, na mahali pa kila kijiti pana benchi. Wanaotembea huko Jumapili husema mabenchi yale yamewekwa ovyo, mengine karibu karibu, mengine mbali mbali. Hayakuwekwa ovyo.

Inger-Lise alirudi nyumbani kupitia njia ile, mkono wake mkononi mwangu, tukikaa kila benchi. Aliishi miaka mingine, nashukuru. Mpaka mwisho, kwa ulimi wake uliokuwa mzito, alimwita Solvej "yule mwizi wa veranda yangu." Lakini Solvej alipokuja kumwona, sahani ya jibini ilikaa mezani. Mke wangu mwenyewe aliisukuma kuelekea kwake kwa mkono uliobaki na nguvu.

Dagny alikuja kumwuguza mama yake akidhani ni kwa mwezi. Akawa anaona watu wakishuka kwenye tramu, wakifuata ile njia, wakisimama langoni kuuliza kama tunauza viazi. Akaacha bima. Sasa shamba ni lake, analima mboga, na wanunuzi wake huja kwa miguu na mifuko yao. Hatujatajirika, mwaka jana mvua iliozesha vitunguu vyote. Lakini nikiamka nasikia trekta, na anayeiendesha ni mwanangu.

Waheshimiwa, namalizia, maana Meya ameangalia saa mara ya pili. Mwezi uliopita ilikuja kampuni nyingine. Mji umejaa, watu wanatafuta nyumba, na baraza la sasa halina kinyongo na kituo cha ziada. Wanataka shamba la Dagny. Nikaenda ofisini kwa Solvej, nikamkuta anafungasha vitabu vyake kwenye maboksi.

"Ungekuwa ni wewe," nikamwuliza, "ungesimamisha tramu kwangu sasa?"

Aliweka kitabu chini. "Sijui, Anker. Wakati ule nilijua. Sasa watu ni wengi, na wanalala wapi? Labda jibu limebadilika. Muulize anayelima."

Nikarudi, nikamkuta Dagny ameinama kwenye mistari yake ya kabichi. Nikamwuliza kama atauza. Mimi niliyekuwa na jibu la swali hilo tangu yeye hajapata mvi, nilisimama pale sijui hata naomba asemeje.

"Nimewaambia waje Septemba, mavuno yakishaisha," akasema. "Nina maswali mengi kuliko wao. Watu watakaa wapi, nitalima wapi, maji yataenda wapi. Wakinijibu vizuri, tutaona. Na baba, mwambie Solvej aje naye."

"Solvej atakuwa amestaafu."

"Ndiyo. Aje bila cheo, akae tu asikilize."

"Hawezi kunyamaza, Dagny. Mimi namjua."

"Najua," binti yangu akasema. "Ndiyo maana namwalika."

Basi Solvej, toka nyuma ya hayo maua. Ulininyima kituo, na sababu ukaja kunieleza nyumbani kwangu, kwenye mvua, ukiwa na tope kwenye kucha. Wengi wamenipa vitu katika maisha yangu bila kuniambia kwa nini. Mwaliko wa Septemba nimeufikisha mbele ya mashahidi wote hawa, na mabuti ya Inger-Lise yapo mlangoni, yatakutosha, mguu wenu ulikuwa wa kipimo kimoja.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa subira yenu na masikio yenu. Sasa mpigieni makofi yeye, mimi nipate kukaa.